Madeli Matatu, Isyonje

Julai, Isyonje, mahali ambapo hata ng'ombe hutoa moshi puani,
nimejifunga vitenge viwili na blanketi,
napima baridi.

Ambwene alikuja kuomba moto
akacheka hadi kaa likamdondoka kwenye koleo:
"Sekela, tunayo ya kugawa hii,
wewe unaifungia kwenye masanduku?"

Hajui Matema saa nane mchana,
mbasa ametoka majini akiwa bado mbishi
na jua linamshika kabla ya mkono wangu.
Hajui kupanda kutoka joto lile, kona kwa kona,
Tukuyu mvua, Kiwira mvua,
mimi nyuma ya gari nikinusa, nikinusa,
maana samaki akilegea jicho
bei nayo hulegea.

Basi nimeyapanga barazani.

La buluu ni laki sita na nusu,
mpira mweusi mdomoni,
ukuta mnene kama mkate wa Krismasi.
Muuzaji wa Mwanjelwa aliniapia siku saba
(Mwanjelwa huapa kwa wepesi).
Jeupe ni la elfu kumi na nane,
ukilikwaruza linalia kama panya,
kona moja imeshamegwa na mtoto.

La tatu alilitengeneza mama.
Mbao za Mafinga, bati kwa ndani,
katikati maranda
aliyoyashindilia kwa mchi kutwa nzima
akikohoa vumbi. Nilikuwa darasa la tano,
nilishika tochi.
Halina bei. Lina harufu.

Kilo tano za barafu kila moja,
kipimajoto cha kuazima kwa Lusajo wa zahanati,
daftari la vikoba, ukurasa wa nyuma.

Jumatatu yote yanajidai.
Jumanne jeupe linatoka jasho,
na Jumatano alfajiri limeshakuwa beseni.
Maji yake nikayamimina kwenye sufuria,
nikaiacha uani.

Nililala nikijua jibu.
Lakini usiku huohuo nikasikia sauti, nikatoka,
nikamkuta mume wangu, Asajile,
amelifungua la buluu mbele ya shemeji zake watatu.
"Sikilizeni," anawaambia, "sikilizeni linavyofunga."
*Phuu.*
"Haya, tena."
*Phuu.*
Na kila phuu ni baridi yangu inaondoka na viatu vyake.
Nikauliza, hii mara ya ngapi?
Akahesabu kwa vidole, akafika mkono wa pili,
akaacha.

La mama halikufunguliwa na mtu.
Nani afungue kitu cha kale ili asifiwe?
Lilikaa pale limeinama kidogo,
mguu mmoja mfupi,
limefumba mdomo.

Ijumaa jioni nikainua vifuniko viwili.
Katika la buluu, kipande cha ukubwa wa ngumi.
Katika la mama, ngumi.
Nimeandika hivyo, sina neno jingine.
Nikagawanya laki sita na nusu kwa sifuri,
simu ikakataa.

Jumamosi nimeamka kabla ya jogoo.
Sakitu imelala juu ya viazi,
majani yote yamezeeka kwa usiku mmoja,
na ile sufuria niliyoisahau uani
imevaa kioo.
Nimekigonga kwa kidole. Kigumu.
Mlima hauna kifuniko, hauna mpira, hauna risiti,
na viazi vyangu ndivyo vilivyolipa.

Nimekivunja kile kioo, nikatia vipande
ndani ya la mama, kwa heshima tu,
nikalisukumia penye kivuli.

Saa kumi na moja gari la Kyela linapiga honi barabarani.
Nimebeba la buluu. Bondeni kuna joto
na mimi si mjinga wa kumbukumbu:
sanduku la mbao linahitaji vijana wawili kulipandisha.

Ila nimelitia kufuli, elfu tatu, la kichina,
na ufunguo nimeufunga pindoni mwa kitenge,
fundo mara mbili.
Asajile anaaga mlangoni, analitazama,
mkono wake unajinyoosha wenyewe.